Jinsi ya kuusoma mzinga wa manowari mwenyewe: anza na ile miwili ya nje ya Fort Jesus

Kila nikipita Fort Jesus pale Mombasa nakuta watu wameizunguka ile mizinga miwili ya nje, mtoto anapandishwa juu, anaambiwa atabasamu, picha inapigwa, anashushwa, wanaenda zao kunywa madafu. Ukiwauliza hii mizinga ni ya nani jibu ni moja tu, "ya Wareno." Siku moja nimemsikia hadi mtembeza wageni anawaambia watu hivyo hivyo na kundi zima linatikisa kichwa, nikanyamaza kwa sababu mtu yuko kazini kwake, lakini roho iliniuma.

Sio ya Wareno jamani. Wareno walianza kuijenga ngome 1593 wakamaliza 1596, na ile mizinga ya nje ilipigana 1914. Mmoja umetoka kwenye manowari ya Mjerumani, SMS Königsberg, na wa pili umetoka HMS Pegasus ya Mwingereza, na utamu wa hadithi ni kwamba hizi meli mbili zilipigana zenyewe kwa zenyewe pale Zanzibar na moja ikaizamisha nyingine. Leo mahasimu wamesimamishwa mlango mmoja kama mabawabu wawili wasiosalimiana.

Sasa, huhitaji mtu wa kukwambia haya. Mzinga unasema wenyewe ukijua kuusoma, na ukishajua kusoma hiyo miwili unaweza kusoma mzinga wowote utakaoukuta mbele ya kambi, bustani ya serikali, makumbusho, popote. Nakuelekeza.

Beba futi ya kupimia ya fundi cherehani (ile ya kitambaa, ya chuma itakwaruza rangi na utafukuzwa), simu yenye tochi, na kikaratasi cha kuandikia. Nenda asubuhi. Mimi mara ya kwanza nilienda saa saba mchana mwezi wa kwanza, nikaegemeza mkono kwenye mtutu ili niangalie ndani vizuri, chuma kilikuwa kama kikaango, nikaruka na mkono ukabaki mwekundu hadi jioni. Alafu msalimie askari wa getini kwanza, mwambie unataka kupima tu, hupandi. Ukimwendea kwa heshima hakuna shida, ukianza kupima kimyakimya kama mtu anayetaka kuuza chuma chakavu basi jilaumu.

Kitu cha kwanza kabisa kuangalia ni risasi inaingilia wapi. Mzinga wa kale, ile iliyomo ngomeni ndani, una tundu moja tu la kuingizia risasi, mdomo. Baruti inaingilia mbele, tonge la chuma linaingilia mbele, na kule nyuma kumezibwa kabisa, kuna kifundo tu kama kitasa cha mlango. Kwa hiyo kila baada ya kupiga inabidi mzinga urudishwe nyuma, watu waende mbele ya mdomo, wasafishe, wajaze, wausukume tena mahali pake. Ubavuni una masikio mawili ya chuma, huko ndiko unakalia kwenye kitanda chake cha mbao. Sasa njoo nje uangalie ile miwili, zunguka nyuma, utaona kuna mlango. Mlango wa chuma unaofunguka, risasi inaingizwa kutokea nyuma, unafungwa, unapigwa. Hapo peke yake umeshajua kwamba Wareno wa 1593 hawahusiki.

Na usiondoke bado kule nyuma maana mlango ndio kitambulisho. Wajerumani, hasa kiwanda cha Krupp, walipenda mlango wa kuteleza, pande nene la chuma linalosogea kwa pembeni kama droo ya kabati. Waingereza wao walipenda parafujo, kizibo kinene chenye meno ambacho unakizungusha kidogo kinajifunga, kisha kinafunguka kwenye bawaba kama mlango wa jiko la kuokea. Kwa hiyo hata kama rangi imeficha maandishi yote, ukiona droo fikiria Mjerumani, ukiona parafujo fikiria Mwingereza. Kutu na rangi za miaka mia zinaweza kuwa zimegandisha kila kitu lakini umbo linabaki.

Haya njoo mbele sasa, mdomoni. Washa tochi, angalia ndani. Mtutu wa kale ni laini kama bomba la maji. Huu utakuta una mifereji inayojisokota kuelekea ndani. Kazi yake ni kulizungusha kombora linapotoka, lizunguke kama pia, ndio maana linakwenda limenyooka badala ya kupinduka pinduka hewani. Ukiona mifereji jua kombora lake halikuwa tonge la duara tena, lilikuwa refu lenye ncha. Kama mdomo umezibwa au umejaa vikombe vya plastiki, kama ilivyo kawaida yetu, basi ingiza kidole pembeni tu uguse.

Pima upana wa tundu. Pima kutoka mgongo hadi mgongo, yaani sehemu zilizoinuka, usipime kutoka ndani ya mfereji utapata zaidi. Wa Königsberg unatakiwa ukupe sentimita 10.5, ule wa Pegasus ni inchi 4 ambayo ni sentimita 10.2 kasoro kidogo. Tofauti ya milimita tatu! Kwa futi ya cherehani unaweza hata usiione, mimi nilipima mara tatu nikapata majibu matatu. Usikate tamaa, kumbuka tu kanuni ya mtaani: Mwingereza anapima kwa inchi, mara nyingi namba nzima ingawa sio kila mara, Mjerumani anapima kwa sentimita. Ukipata 15.2 hiyo ni inchi 6, ukipata 15 kavu basi sio wa Mwingereza.

Sasa urefu. Hapa ndipo watu wanapotea wakisoma vitabu vya meli maana wanakuta imeandikwa L/40 au 16/50 wanadhani ni kipimo cha kona. Ni hesabu ya darasa la tano tu: urefu wa mtutu gawa kwa upana wa tundu. L/40 maana yake mtutu una urefu wa matundu arobaini, na 16/50 ni tundu la inchi 16, urefu wa matundu hamsini. Sentimita 10.5 mara 40 ni 420, kwa hiyo mtutu wa Königsberg ni mita 4.2 na ukipima kutoka mdomo hadi mwisho wa nyuma ndio utakachopata, kwa sababu Mjerumani anahesabu mzinga mzima. Mwingereza anahesabu tundu peke yake, halafu mlango wa nyuma ni juu yako, kwa hiyo ule wa Pegasus nao ni 40, tundu lake mita 4.06, ila ukipima kwa nje utapata zaidi. Usigombane na mtu kwa sentimita hizo.

Namba hiyo ya L ina maana kubwa. Mtutu mrefu unalipa kombora nafasi ndefu ya kusukumwa na moshi wa baruti, linatoka kwa kasi, linakwenda mbali kwa njia iliyonyooka. Mtutu mfupi mnene ni howitza, hiyo inarusha juu kombora linashuka kama nazi, nzuri kumpiga mtu aliyejificha nyuma ya kilima au ukuta. Kwa mizinga ya mlango wa nyuma ya enzi zile, ukipata L chini ya 20 mara nyingi ni howitza, siku hizi usitegemee hilo maana howitza za leo za milimita 155 zimefika L/52, ndefu kuliko mizinga ya manowari tunayoizungumzia hapa.

Kanuni nyingine ninayoipenda: ukijua upana unaweza kukisia uzito wa kombora bila kuliona. Upana ukiongezeka mara mbili uzito unaongezeka kama mara nane, kwa sababu kombora linakua kwa urefu, upana na kina kwa pamoja, sio upana tu. Mzinga wa sentimita 10.5 ulikuwa unatupa kombora la kilo 16 na kitu. Chukua inchi 6, gawa 15.2 kwa 10.5, jibu lizidishe lenyewe mara tatu, unapata kama 3, kwa hiyo kilo 48. Kombora la inchi 6 la Mwingereza lilikuwa kilo 45. Umekosea kilo tatu tu na hujawahi kuliona! Inafanya kazi hadi kwa yale majitu, manowari za Marekani za Iowa zilikuwa na mizinga ya inchi 16, mtutu zaidi ya mita 20, kombora zito kabisa kilo 1,225, yaani uzito wa gari dogo unatupwa kilomita 38. Hesabu yetu hapo inakupa kama kilo 925, chini kwa robo hivi, kwa sababu kombora lile lilitengenezwa zito kupita kawaida ili litoboe deraya, lakini angalau unapata picha.

Baada ya hapo angalia mzinga umekalia nini, maana kuna mtego. Mzinga wa meli unakaa juu ya nguzo ya chuma iliyofungwa sitahani kwa nati, unazunguka kama kiti cha kinyozi. Hauna sababu ya kuwa na magurudumu, uende nalo wapi baharini? Kwa hiyo ukiukuta mzinga wa meli una magurudumu, jua umewahi kuvushwa nchi kavu na kuna mtu alitoka jasho. Mizinga ya Königsberg hiyo ndiyo iliyowakuta, nakuja huko.

Maandishi acha mwisho. Kwa Mjerumani tafuta jina la kiwanda, namba na mwaka, vimegongwa kwa nyundo kule nyuma karibu na mlango au pembeni ya mdomo. Kwa Mwingereza tafuta taji na herufi za mfalme au malkia, VR ni Victoria, na mshale mpana wa mistari mitatu kama mguu wa kuku, hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Na kama umekuta mzinga wa kale wa Kiingereza wenye namba tatu zimetenganishwa, mfano 23-2-14, usidhani ni tarehe, rafiki yangu mmoja aliapa kwamba ule mzinga ulitengenezwa Februari. Ni uzito! Namba ya kwanza zidisha kwa 112, ya pili kwa 28, ya tatu ibaki ilivyo, jumlisha, umepata ratili. Hapo ni 2,576 na 56 na 14, jumla 2,646, ambayo ni kilo 1,200. Mzinga umebeba cheti chake cha mizani mgongoni.

Haya, vipimo unavyo, sasa vitumie. Simama katikati ya ile mizinga miwili ujiulize, kama zote ni karibu sawa kwa upana na zote L/40, mbona mmoja ulimnyamazisha mwenzake? Hili swali ndilo linafanya nipende kwenda pale.

Jibu la kwanza liko kwenye kombora, Mjerumani kilo 16, Mwingereza kilo 11. La pili ni mfungo wa kwenye nguzo, unaruhusu mdomo uinuke kiasi gani. Ule wa Königsberg ukiinuliwa sana unafika kilomita 12, ule wa Pegasus ulikuwa wa kizazi cha nyuma na haukufika huko. Ongeza hali ya siku yenyewe, tarehe 20 Septemba 1914, Pegasus imetia nanga Zanzibar mashine zimefunguliwa zinatengenezwa, haiwezi kusogea. Königsberg inatokea saa kumi na moja na kitu alfajiri, inaanza kupiga ikiwa mbali. Makombora ya Pegasus yanaanguka majini hayajafika. Haikuchukua muda mrefu mizinga ya Pegasus ikanyamaza na meli yenyewe ikazama siku hiyo hiyo. Baadhi ya mabaharia wake wamezikwa pale Chapwani, kile kisiwa kidogo mbele ya Mji Mkongwe, ukienda kuogelea huko pitia makaburini. Mizinga ikatolewa majini, ndio maana mmoja uko Mombasa leo.

Na hapa weka jicho kwenye jambo jingine, kuhesabu mizinga ya meli ni kazi tofauti na kuhesabu inayoweza kupiga upande mmoja. Königsberg ilikuwa nayo 10: miwili mbele sambamba, miwili nyuma sambamba, mitatu kila ubavu. Lakini ukiwa upande wa kulia, ile ya kushoto haikuoni, kwa hiyo inayokupiga ni 5. Ukitazama picha ya manowari ya zamani usihesabu yote ukashangilia, chora mstari katikati kwanza. Baadaye walipoanza kupanga mizinga yote kwenye mstari wa katikati wa meli ndipo ikawa yote inaweza kugeukia upande wowote.

Mabomba ya moshi nayo hesabu. Wazee wa pwani hawakuhitaji kitabu cha manowari, Königsberg waliiita "manowari ya bomba tatu" na kila mtu akajua ni ipi. Neno manowari lenyewe ni la Kiingereza lililobadilishwa kanzu, na mzinga ni ule ule wa nyuki, gogo lililotobolewa ndani, mtu aliyeliona bomba la chuma mara ya kwanza akaona mzinga wa nyuki wenye hasira zaidi. Sioni jina bora.

Sasa kuhusu magurudumu. Baada ya Zanzibar Königsberg ilirudi kujificha delta ya Rufiji, ndani kwenye mikoko, mashine zake nazo zilikuwa mbovu. Waingereza waliziba milango ya mto lakini manowari zao kubwa zilikuwa zinakaa chini sana majini, haziwezi kuingia mtoni. Wakaleta Severn na Mersey, meli mbili fupi bapa ambazo awali zilijengwa kwa ajili ya Brazil kwa kazi za mtoni, hazihitaji hata mita mbili za maji, kila moja ina mizinga miwili ya inchi 6. Hapa kumbuka hesabu yetu, kilo 45 dhidi ya kilo 16. Lakini pamoja na ukubwa huo tarehe 6 Julai 1915 Mersey ndiyo iliyopigwa na kuondoka, kwa sababu wapigaji wa mizinga hawakuiona Königsberg kabisa, wanapiga juu ya miti, na ndege ndogo kutoka kisiwa cha Mafia ndiyo inawaambia kwa redio "umepita, rudisha kushoto." Wakarudi tarehe 11, rubani Cull na mwenzake Arnold wakadunguliwa na bado Arnold akaendelea kutuma masahihisho huku ndege inashuka kuanguka mtoni. Wote wawili walipona. Königsberg ikawaka, nahodha Looff akaamuru ilipuliwe na wenyewe.

Kwa mtu anayesoma mizinga, somo la hapo ni kwamba masafa ya mzinga yaliyoandikwa kitabuni hayana kazi kama huna jicho la kuona linapoangukia.

Meli ilikaa kwenye maji machache, kwa hiyo Wajerumani wakaifungua mizinga yote kumi, mtutu peke yake ni kama tani moja na nusu, ikaburutwa na watu, na hao watu ni babu zetu sio Wajerumani, hadi Dar es Salaam ambako karakana ya reli iliitengenezea magari yenye magurudumu. Kuanzia hapo mizinga ya baharini ikatembea Tanganyika nzima na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki. Mmoja ulifika hadi Kigoma ukafungwa kwenye Graf von Götzen ziwani Tanganyika, baadaye ukaondolewa ukahitajika kwingine na wakaweka wa mbao wa kutishia. Meli hiyo ndiyo MV Liemba, kwa hiyo aliyewahi kupanda Liemba amepanda meli iliyowahi kubeba mzinga mwenza wa ule wa Fort Jesus.

Ukitaka kuendelea na safari ya kupima, wa Königsberg iliyobaki ni mitatu: huo wa Mombasa, mwingine Pretoria kwenye viwanja vya Union Buildings, na wa tatu Jinja, Uganda. Wa Pretoria utaufikia kirahisi, fanya hesabu ile ile, 10.5 kwa 420, droo nyuma. Wa Jinja uko kambini, kwa hiyo pale futi ya cherehani iache mfukoni, simu usiitoe, omba ruhusa getini na barua yako mkononi, na wakikuambia rudi kesho wewe rudi kesho.